Kuliko nini? Kivumishi cha kulinganisha kinapoingia ndani ya kirai kihusishi cha Kiingereza

Tazama sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "He arrived in a car bigger than our kitchen." Ya pili: "He arrived in a bigger car than our kitchen." Maneno ni yaleyale. Kilichohama ni "bigger" tu, lililokuwa nyuma ya "car" na sasa limekaa mbele yake. Sentensi ya kwanza haina shida: mtu alikuja na gari kubwa kuliko jiko letu. Ya pili inamfanya mzawa wa Kiingereza akunje uso, kwa sababu inadai kwamba jiko letu nalo ni gari, ila ni gari dogo kidogo.

Mtu anaweza kusoma sarufi ya Kiingereza miaka mingi asiambiwe jambo hili. Siku moja hufundishwa big, bigger, biggest. Siku nyingine hufundishwa in, on, at. Kisha huachwa aviunganishe mwenyewe, na hapo ndipo anapokwama, maana makundi haya mawili yakikutana huzaa mambo ambayo hayamo katika somo la kwanza wala la pili.

Mimi hulifungua fundo hili kwa swali moja: kuliko nini? Kila kivumishi cha kulinganisha kina pande mbili, kile kinachopimwa na kile kinachopimiwa. Katika sentensi fupi kama "Ali is taller than Juma" pande zote mbili ziko mbele ya macho. Lakini kivumishi hicho kikiingia ndani ya kirai kihusishi, yaani fungu la maneno linaloanza na kihusishi kama in, at, for au with na kukamilishwa na nomino, upande wa pili huanza kujificha. Wakati mwingine hujificha mwishoni mwa sentensi, wakati mwingine katika sentensi iliyotangulia, wakati mwingine ndani ya kihusishi chenyewe. Anayejua kuutafuta hawezi kupotea.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu zetu za kuteleza. Lugha yetu haigusi umbo la kivumishi inapolinganisha. Mti huu ni mrefu, na ule ni mrefu kuliko huu. Neno "mrefu" limebaki vilevile, na mzigo wote umebebwa na "kuliko", au "zaidi ya", au kitenzi kama kuzidi, kushinda na kupita. Kiingereza kinadai alama mbili: kwanza kivumishi chenyewe kibadilike, kwa -er au kwa more, kisha "than" ifuate. Ndiyo maana mwanafunzi wetu huandika "she is tall than me", akiamini kwamba "than" imetosha kama "kuliko" inavyotosha. Mwenzake aliyekwisha kujua kwamba kivumishi lazima kiwekewe alama huweka zote mbili kwa mpigo: "more taller". Huyo wa pili asihukumiwe vikali sana. Enzi za Shakespeare waandishi waliweka alama mbili pamoja bila kuona haya, naye mwenyewe alifanya hivyo. Kiingereza sanifu cha leo ndicho kilichoufunga mlango huo.

Kanuni ya umbo naipita haraka. Maneno ya silabi moja huchukua -er. Ya silabi mbili yanayoishia kwa y hugeuka kuwa -ier. Marefu zaidi hutanguliwa na more. Good, bad na far zina njia zake: better, worse, na farther au further. Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo.

Kihusishi kinataka nomino

Kihusishi cha Kiingereza hakijali kivumishi. Kinachokitafuta ni nomino, na kivumishi ni mgeni aliyekaa katikati yao. "At higher prices", "with greater care", "in a better place": ukimwondoa mgeni, wenyeji hubaki wamesimama. "At prices" ni Kiingereza, "with care" ni Kiingereza, "in a place" ni Kiingereza. Jaribio hili dogo hufichua kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: "You should drive with more carefully." Ondoa "more", unabaki na "with carefully", na sikio linakataa. "Carefully" ni kielezi, na kihusishi hakiwezi kukishika. Mwandishi achague mojawapo: "with more care", au aache kihusishi kabisa aandike "more carefully".

Mpangilio nao unatupinga. Kwetu nomino hutangulia: katika nyumba kubwa zaidi. Kwa Kiingereza kihusishi, kibainishi (neno dogo kama a au the), kivumishi na nomino hupanga foleni kwa utaratibu huo: "in a bigger house". Kile kibainishi "a" ndicho kinachosahaulika, kwa kuwa Kiswahili hakina kitu kama hicho na kivumishi kinaonekana kama kimekwisha kuijaza nafasi. "In bigger house" si sahihi. Nomino inayohesabika ikiwa katika umoja hudai kibainishi hata ikiwa imevikwa vivumishi kumi. Wingi hauhitaji, "in bigger houses", wala nomino isiyohesabika, "with more patience".

Ukitaka kuongeza uzito, usitumie "very". Sisi husema "kubwa sana kuliko yetu" na hakuna anayeshangaa, lakini "in a very bigger house" haikubaliki. "Very" hukaa na kivumishi cha kawaida. Kile cha kulinganisha huongezewa nguvu na much au far, na hupunguziwa na slightly au a little: "in a much bigger house", "at a slightly lower speed".

Sasa kuna mtego ambao hata wazawa huingia. Soma kirai hiki: "with more experienced teachers". Kina maana mbili zilizo mbali kabisa. Ya kwanza: walimu wenye uzoefu mkubwa zaidi, hata kama idadi yao ni ileile au imepungua. Ya pili: walimu wenye uzoefu wameongezeka idadi. "More" inaweza kushikamana na "experienced" na kuwa alama ya kulinganisha, au ikamruka na kumshika "teachers" kama neno la kiasi. Katika mazungumzo sauti husaidia, kwa kuwa msemaji hukazia "more" anapotaka idadi. Kwenye karatasi hakuna sauti. Ripoti ikisema taasisi fulani itaendeshwa "with more experienced staff", msomaji hawezi kujua kama imeahidiwa kuajiri watu zaidi au kubadilisha waliopo.

Vivumishi vifupi havina utata huu, kwa kuwa -er imeng'ang'ania pale pale kwenye neno. "With older books" ni vitabu vya zamani zaidi. "With more old books" ni vitabu vya zamani vingi zaidi. Hakuna wa kuvichanganya. Kivumishi kikiwa kirefu, dawa ni kukihamisha nyuma ya nomino: "with teachers who are more experienced" kwa maana ya kwanza, "with a larger number of experienced teachers" kwa maana ya pili. Ni maneno mengi zaidi, na yanastahili.

Upande wa kupunguza, Kiingereza kina msaada ambao watu wengi wameuacha: tofauti kati ya less na fewer. "With less experienced nurses" ni wauguzi wenye uzoefu mdogo zaidi. "With fewer experienced nurses" ni wauguzi wenye uzoefu waliopungua idadi. Wapo wanaosema kanuni ya kutumia fewer kwa vinavyohesabika ni ushupavu wa walimu wa zamani. Ndani ya kirai kama hiki mimi naiona ina kazi ya kweli, na ningeitetea kwa sababu hii pekee.

Rudi kwenye gari na jiko

Kwa nini "a bigger car than our kitchen" inashindwa? Kivumishi cha kulinganisha kinapotangulia nomino, nomino hiyo humezwa ndani ya ulinganisho. "A bigger car than" inafungua orodha ya magari na kusubiri gari jingine. Ndiyo maana "in a bigger car than hers" inaingia bila shida: "hers" ni gari lake. Kivumishi kikikaa nyuma, "a car bigger than", nomino imekwisha kutajwa na kuwekwa kando. Kinacholinganishwa sasa ni ukubwa mtupu, na ukubwa wa gari unaweza kupimwa kwa jiko, kwa mti au kwa tembo.

Kwa hiyo vitu viwili vikiwa vya aina moja, una uhuru: "in a bigger house than ours" na "in a house bigger than ours" zote ni sawa. Vikiwa vya aina tofauti, huna uhuru. Kiswahili hakina mtego huu, kwa kuwa kivumishi chetu cha sifa hukaa nyuma ya nomino: gari kubwa kuliko jiko, basi. Hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno ingemwokoa mtu, lakini mwanafunzi aliyekazaniwa kwamba kivumishi cha Kiingereza hutangulia nomino hukihamisha kwa utii, na kuharibu.

Jambo jingine kuhusu nafasi: "than" na kinachoifuata haviwezi kubanwa kati ya kivumishi na nomino. "In a bigger than ours house" haisemwi. Lakini magazeti ya Kiingereza yamejitengenezea njia ya mkato kwa vistari: "at a higher-than-average price", "in front of a larger-than-usual crowd", "at lower-than-expected temperatures". Angalia kinachoruhusiwa kufuata "than" humo: average, usual, expected. Ni maneno ya kipimo cha jumla. Nomino mahususi kama "our neighbour" ikiwekwa hapo, kirai hupasuka.

Na kihusishi kirudiwe baada ya "than"? Mara nyingi ndiyo, na uvivu wa kutokirudia una gharama. "She is happier at school than at home" inaeleweka mara moja. Sasa chukua "I work better with you than him." Je, nafanya kazi vizuri nikiwa na wewe kuliko nikiwa na yeye, au nafanya kazi na wewe vizuri kuliko yeye afanyavyo? Kurudia kihusishi, "than with him", kunafunga maana ya kwanza. Kuongeza kitenzi, "than he does", kunafunga ya pili. Kiswahili kina utata uleule, "kuliko yeye", na dawa yetu ni ileile: "kuliko na yeye", au "kuliko afanyavyo yeye". Ni moja ya sehemu chache ambapo lugha hizi mbili zinaumwa ugonjwa mmoja.

Pale ambapo "than" haionekani kabisa

Virai vingi vya aina hii havina "than" hata moja. "At a later date", "at an earlier stage", "on a larger scale", "to a lesser extent". Mtu akiuliza kuliko nini, jibu lipo, ila limewekwa nje ya kirai. Katika "at a later date" kipimo ni sasa, au siku iliyotajwa hivi punde. Katika "to a lesser extent" kipimo ni kitu kilichotangulia: huwezi kuanza makala na kirai hicho, kwa kuwa hakuna chochote bado cha kupungukiwa. Hapo "than" haikusahauliwa. Msomaji amekabidhiwa aijaze, na mwandishi mzuri huhakikisha kwamba jibu limeshapita mbele ya macho ya msomaji kabla hajalihitaji.

Matangazo ya biashara hutumia mwanya huohuo kwa nia nyingine. "For whiter teeth", "for softer skin", "for a better life". Meupe kuliko nini? Kuliko yalivyokuwa jana? Kuliko ya jirani? Kuliko ya mtu anayetumia dawa nyingine? Kirai hakisemi, na kwa kuwa hakisemi hakuna anayeweza kukithibitisha wala kukikanusha. Kihusishi "for" hufaa kwa kazi hii kwa sababu kinaeleza lengo, na lengo halihitaji kutimia.

Kuna ulinganisho mwingine ambao haulinganishi kitu mahususi. "In warmer countries", "for younger readers", "among older people". Hapa kivumishi kinaigawa dunia mafungu mawili na kuchukua fungu moja. "Younger readers" ni wasomaji wa upande wa vijana, bila kumtaja yeyote wanayemzidi kwa udogo. Na hapa hutokea ajabu ambayo huwashangaza wengi: "by an older woman" kwa kawaida humtaja mwanamke mwenye umri mdogo kuliko "by an old woman". Kwa hesabu ya kawaida older ingezidi old. Lakini old inasema mtu amekwisha kufika uzeeni, na older inasema tu yuko upande ule wa mizani. Kwa sababu hiyo older imekuwa neno la heshima kidogo, na mtu anayeandika kuhusu wazee kwa Kiingereza afikirie kulitumia.

Mwisho wa njia hii wapo vivumishi vilivyoipoteza "than" kabisa. Upper, inner na outer vina -er yake, lakini hakuna "upper than". "On the upper floor" ni ghorofa ya juu, "in the inner room" ni chumba cha ndani. Former na latter viko hivyohivyo. Latter ni umbo kongwe la kulinganisha la late, na "in the latter case" inadai kitu kimoja tu: kwamba yaliyotajwa yalikuwa mawili. Ukiorodhesha matatu kisha ukaandika "in the latter case", msomaji makini atasimama.

Nomino inapoondoka

Nilisema kihusishi kinataka nomino. Sasa tazama "a change for the better" na "she took a turn for the worse". Nomino iko wapi? Haipo. Kibainishi "the" kimekigeuza kivumishi kuwa kama nomino, kama sisi tunavyosema "amechagua kizuri" bila kutaja kitu. "For the better" ni kuelekea hali nzuri kuliko iliyopo. Kipimo ni sasa, na kihusishi kinatoa mwelekeo. Kirai hiki kimeganda: huwezi kusema "a change for the bigger" wala "for the cheaper". Better na worse ndizo zinazotumika hapo.

Ondoa "the" na maana inahama. "For better or for worse" haisemi mambo yanaelekea wapi. Inasema iwe heri au iwe shari. Kirai hiki kimo katika kiapo cha ndoa cha kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549, pale bila "or", kikifuatwa na "for richer, for poorer". Anayesema "the company has changed for better" amechanganya virai viwili: alitaka mwelekeo, akaazima kiapo.

"From bad to worse" ina umbo la pekee. Kihusishi cha kwanza kimeshika kivumishi cha kawaida, cha pili kimeshika cha kulinganisha, na kwa mara moja pande zote mbili za mizani zimo ndani ya virai vihusishi: kutoka hapa kwenda pale. "Than" haihitajiki kwa sababu "from" imekwisha kutaja kipimo. "For longer", kama katika "we stayed for longer than we had planned", nayo imeweka neno la kulinganisha mahali pa nomino ya muda, na hapo "than" inarudi waziwazi.

Msomaji atauliza kuhusu at best, at worst, at least, at most. Hizo ni za kiwango cha juu kabisa, na zinafuata njia nyingine. Kiingereza kimegawana kazi kwa namna inayofaa kukumbukwa: "at" hushika ncha ya mwisho, mahali ambapo hakuna pa kwenda zaidi, na "for the" hushika mwendo wa kutoka hali moja kwenda nyingine.

Idadi, na siku moja inayopotea

"For more than three years" ni zawadi kwetu, kwa kuwa inalingana neno kwa neno na "kwa zaidi ya miaka mitatu". Hakuna anayekosea muundo. Kinachokosewa ni mpaka. "For less than 30 days" haijumuishi siku ya 30. "For not more than 30 days" inaijumuisha. Katika barua ya kawaida tofauti hiyo haina uzito, lakini katika mkataba au sheria ni siku nzima, na kuna watu ambao haki zao zinategemea siku hiyo. Vivyo hivyo "more than three" huanzia nne, ilhali "at least three" na "three or more" huanzia tatu. Anayetafsiri hati asiamini haraka neno "zaidi ya".

Na "by no later than Friday" ina mzigo wa ziada. "By Friday" inatosha, na "no later than Friday" inatosha. Moja ikae, nyingine iende.

Wakati mwingine kirai kihusishi hakikibebi kivumishi, hukifuata ili kukipa kipimo. "Taller by two centimetres" hutaja pengo, kama "kwa sentimita mbili" yetu. "The taller of the two" hutaja kundi, na kwa kuwa kundi ni la wawili, Kiingereza rasmi hutaka taller badala ya tallest. Katika mazungumzo wazawa wengi husema tallest hata kwa wawili, lakini katika mtihani usijaribu.

Walioletwa na Kilatini, na "than" yenyewe

Superior, inferior, senior, junior, prior. Maneno haya yalikuwa vivumishi vya kulinganisha tangu yalipokuwa Kilatini, na Kiingereza kiliyapokea yakiwa yamekwisha kulinganishwa. Kwa hiyo hayataki more, wala hayataki "than". Yanataka "to": "superior to the old model", "senior to me by four years". "Superior than" ni kosa la kila siku, na linaeleweka, kwa sababu kichwani tunasikia "bora kuliko" na mkono unaandika "than" wenyewe. Prefer nayo, ingawa ni kitenzi, hufuata "to" vilevile: "I prefer tea to coffee."

Katika maneno hayo, prior limekwenda mbali zaidi. "Prior to the meeting" ni sawa na "before the meeting". Kivumishi cha kulinganisha kimeungana na "to" na kufanya kazi ya kihusishi. Lugha haiheshimu sana mipaka tunayoichora ubaoni.

Hata "than" haijakubaliana na mipaka hiyo. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, alifundisha kwamba "than" ni kiunganishi, kwa hiyo kiwakilishi kinachofuata hutegemea kitenzi kilichoachwa: "taller than I", kwa kuwa kamili yake ni "than I am". Walimu wengi wamelirithi fundisho hilo. Lakini watu walikuwa wanasema "taller than me" na wakaendelea kusema. Sarufi kubwa ya wanaisimu Huddleston na Pullum ya mwaka 2002 inaiweka "than" katika kundi la vihusishi. Tukiwafuata hao, "than me" ni kirai kihusishi kamili, na ulinganisho wote wa Kiingereza umejengwa juu ya kirai kihusishi. Mimi naona hoja yao ina nguvu. Ukiandika barua rasmi na hutaki ubishi, andika "than I am" na hakuna atakayekusumbua.

Kuna jambo hapa linalonifurahisha kila ninapolikumbuka. "Than" na "then" kwa asili ni neno moja, na kwa karne nyingi tahajia zake zilikuwa zikichanganywa. Yaani Kiingereza, kilipotafuta neno la kulinganishia, kilichukua neno la wakati. Kiswahili kilichukua neno la mahali: ku-li-ko, kule kulipo na kitu. Mrefu kuliko huu, mrefu pale ulipo huu. Sisi tunalinganisha kwa kusimamisha vitu viwili mahali. Wao walilinganisha kwa kuvifuatanisha, kimoja kisha kingine.

Bado liko neno moja ambalo linaunganisha yote haya. Near ni kati ya vihusishi vichache sana vya Kiingereza vinavyokubali -er: "nearer the window", bila "to" wala kitu kingine. "Inner" na "upper" hukaa mbele ya nomino kama vivumishi, lakini "nearer" hushika nomino yake moja kwa moja, kama kihusishi. Linalinganisha na kuhusisha kwa wakati mmoja. Ukirudi nyuma hadi Kiingereza cha kale, unakuta kwamba neno la "karibu" lilikuwa lile ambalo leo limebaki katika umbo la "nigh", na near ndiyo iliyokuwa karibu zaidi, kivumishi cha kulinganisha. Watu walilitumia hadi wakasahau kwamba linalinganisha, wakaliongezea -er ya pili, kama mwanafunzi wetu wa "more taller". Ngazi ya tatu ya neno hilohilo, ile ya karibu kupita kote, nayo haikupotea. Ni "next". Anayeandika "she sat next to me" anatumia umbo la juu kabisa la neno la karne nyingi, lililoshikwa na kihusishi "to", na ukimuuliza atakwambia ameandika tu kwamba alikaa pembeni yake.